Mwezi Huu Umenunua Nini?

Mtu akishastaafu, maswali anayoulizwa hupungua mpaka yakabaki matatu. Presha inaendaje? Mahindi umeuza, au bado unangoja bei ya bodi? Na wajukuu sasa wamefika wangapi? Ndiyo maana siku ile mjukuu wangu, anayesomea kilimo pale Chepkoilel, aliponiuliza, “Babu, mwezi huu umenunua kitabu gani?” nilinyamaza kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Swali hilo nililifahamu vizuri. Kwa miaka thelathini na zaidi nililiuliza na kuulizwa kila mwisho wa mwezi, hapa hapa Eldoret. Kisha likapotea, na wakati huo sikujishughulisha kujua limepotelea wapi.

Alikuwa amekuja kunialika. Yeye na wenzake, kama tisa hivi, hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika hoteli moja nyuma ya Oginga Odinga Street, ghorofa ya pili, ambako chai ya maziwa bado huletwa kwa birika. Kila mmoja huja na alichonunua mwezi huo. Vitabu hupangwa mezani, picha hupigwa kwanza (hili sijalizoea na sidhani nitalizoea), halafu mwenye kitabu anaeleza: alikipata wapi, kwa bei gani, amefika ukurasa wa ngapi, na nani kati ya waliopo angefaa kukisoma. Ambaye mfuko ulikuwa mtupu mwezi huo huja na alichoazima.

“Na wewe uje na chako,” akaniambia. “Lakini usije kutuhubiria, Babu.”

La kuhubiri nilistahili. Sisi wazee wa Kenya tuna hotuba moja kuhusu vijana na vitabu, na tunaitoa harusini, matangani na kwenye mikutano ya wazazi: kwamba kizazi hiki hakisomi, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu kifiche ndani ya kitabu. Nimeitoa hotuba hiyo mara nyingi, na kwa sauti nzuri. Leo nataka kusema jinsi ilivyonitoka mkononi.

Mimi ni mtoto wa laini. Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha magome ya miwati, yale yaliyochemshwa kupata dawa ya kutengenezea ngozi, na tuliishi katika nyumba za wafanyakazi, mlango kwa mlango na Wanandi, Waluhya, Wakikuyu, Wateso na Waluo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama wa yeyote pale, na bila hicho hakuna aliyeweza kununua chumvi. Jumapili jioni karani mmoja alikuwa akitusomea *Baraza*, gazeti la kila wiki ambalo watu wa East African Standard walianza kulichapa mwaka 1939. Lilikuwa likifika kwetu limekwisha kupita mikono mitano, linanuka mafuta ya taa, na mara nyingine ukurasa wa kati umeshafungia samaki. Karani alisoma hata matangazo ya sabuni. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba maandishi ni kitu cha kusikilizwa na watu wengi kwa pamoja, na ilinichukua muda mrefu shuleni kuzoea kusoma kimya.

Mwaka 1974 nikawa mwalimu. Miaka miwili baadaye tukawa watano, walimu wa shule tofauti za Uasin Gishu, tuliokuwa tukikutana mjini mshahara ukiingia. Mji wenyewe wazee walikuwa bado wakiuita Sisibo, yaani namba 64, ile ya shamba la mzungu lililokatwa kuanzisha mji. Kabla ya kuingia dukani tulikuwa tukisimama nje na kuulizana, “Mwezi huu unanunua nini?” Sheria ilikuwa moja: hakuna kununua kilichonunuliwa na mwenzako. Watu watano, vitabu vitano, na kwa mwezi mmoja kila mtu alikuwa amesoma vitano kwa bei ya kimoja. Duka lenyewe liliuza madaftari, Biblia, wino na kalamu, na huko nyuma kabisa, karibu na stoo, kulikuwa na rafu moja tu ya vitabu ambavyo mtu angeweza kuvisoma bila kulazimishwa.

Kisha tulienda kunywa chai na kila mtu alikidhamini kitabu chake. Neno tulilotumia ni hilo, kudhamini, kama vile mahakamani. Kikiwa kibovu, uliyekidhamini ulilipia chai ya mwezi uliofuata. Kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo kila msomaji aliandika jina na tarehe kwa penseli. Kwa nini penseli, sikumbuki nani aliamua. Nafikiri wino ulionekana kama kujimilikisha.

Tulisoma nini? Shaaban Robert kwa heshima, na wakati mwingine kwa heshima tu. (Niungame: *Utubora Mkulima* sijakimaliza hadi leo, ingawa nimewahi kukisifia mbele ya mkaguzi wa shule.) Tulisoma *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, na mmoja wetu akaanza kuvuta kiko ili afanane na Bwana Msa. *Simu ya Kifo* cha Katalambulla, cha mwaka 1965, hakikuwahi kukaa kwa mtu zaidi ya siku mbili. Vile vya Kiingereza vyenye majalada ya rangi ya machungwa vya African Writers Series tulivisoma hadharani. Vya David Maillu, ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku, tulivisoma chini ya mto, halafu tukavidhamini kwa sauti ya chini. Na kulikuwa na *Sauti ya Dhiki*. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoandika akiuliza Kenya inakwenda wapi, akakaa ndani miaka mitatu, akatunga mashairi yake kwenye karatasi za chooni. Oxford wakayachapa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Kitabu hicho kilikuwa zamu yangu kununua. Nilipokidhamini sikusema kitu kirefu. Nilikiweka mezani, nikakisukuma kwa aliyekaa mkabala nami.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 mambo yalibadilika. Wasomi walikuwa wakiokotwa mmoja mmoja, na mwaka 1987 polisi walipita madukani wakizoa nakala za *Matigari* cha Ngũgĩ. Mwenzetu mmoja alizika *Shetani Msalabani*, cha Ngũgĩ huyo huyo, ndani ya debe la unga wa mahindi, na mkewe, asiyejua lolote, akakichota siku moja kupika ugali. Tulicheka sana, lakini tulicheka ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Basi hiyo ndiyo historia ninayoipenda kuisimulia, na nikiishia hapo ninaonekana shujaa. Sasa nije kwenye kile nilichokipeleka kwa akina mjukuu.

Wiki ya mkutano nilikuwa sijanunua chochote. Nikashuka mjini, nikapita kwenye inama. Kwa asiyeijua, inama ni muuzaji wa vitabu vya mitumba aliyetandaza gunia kando ya barabara. Mteja lazima ainame, ndipo jina likatoka. Wauzaji hawa ni wasomaji kuliko wengi wenye maduka. Wa kwangu aliniuliza, “Mwalimu, unataka cha kusoma ama cha kusomesha?” Swali hilo lilinichoma kabla sijajua kwa nini, maana jicho langu lilikuwa limeshaangukia kijitabu chembamba, kurasa zimefungwa kwa stepla zilizoshika kutu. Mwongozo wa *Siku Njema*. Maswali na majibu. Niliuandika mimi.

Hapo inafaa nirudi nyuma kidogo. Mfumo wa 8-4-4 ulipokuja mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, na sisi walimu wa Kiswahili, tuliokuwa tukidharauliwa katika vyumba vya walimu, tulinyanyua vichwa ghafla. Riwaya zikaingia darasani. Tulisema: sasa taifa zima litasoma. Kumbe pamoja na riwaya kuliingia pia miongozo, na miongozo ilikuwa na pesa. Mzazi asiyenunua riwaya alinunua mwongozo. Mwanafunzi alijua kutaja maudhui sita, sifa za mhusika mkuu na mifano mitatu ya jazanda, na kitabu chenyewe hakukifungua. Niliupiga chapa wangu kwa stensili, nikatoa nakala, nikauza shule kwa shule. Ndipo nilipoezeka nyumba yangu kwa mabati mapya. Siyo siri, majirani walijua mabati hayo yametoka wapi.

Kwenye lile gunia riwaya yenyewe haikuwepo. Mwongozo ulikuwepo. Nikaununua kwa shilingi hamsini, na Jumamosi nikauweka mezani kati ya vitabu vya vijana.

Walicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia. Kisha kijana mmoja, anayekimbia, wa kambi za huko Kaptagat, akauliza kwa adabu: “Mwalimu, kitabu chenyewe ulikipenda?”

Nilikipenda! Ken Walibora alikitoa mwaka 1996, na mimi nilikisoma kwa usiku mmoja na nusu kwa taa ya chemni. Yule kijana Kongowea anatoka Tanga, nchi ya Waswahili wenyewe, anamtafuta baba yake mpaka upande wa Kitale. Unaelewa maana ya jambo hilo kwa mtoto wa laini? Riwaya zetu nyingi za Kiswahili zilikuwa na minazi na bahari ambayo sikuwa nimeiona. Huyu akalichukua jina la Kiswahili, akalitembeza mpaka kwenye mashamba yetu ya mahindi na baridi yetu ya Julai. Walibora alikulia huko huko Trans Nzoia. Nilipomaliza nilitaka kutoka nje nimwamshe mtu.

“Na hayo uliwaambia wanafunzi?” akauliza.

Sikuwaambia. Niliwaambia jazanda. Miaka yote hiyo ya kukisomesha sikuwahi kusimama mbele ya darasa nikasema kwamba kitabu hiki kilininyima usingizi. Tulikuwa na vinywa viwili: mezani na wenzetu tulidhamini, darasani tulitahini. Walibora alipofariki Aprili 2020, kwa ajali ya barabarani Nairobi, wanafunzi wangu wa zamani walinitumia rambirambi kana kwamba nimefiwa na ndugu, na karibu kila mmoja aliandika kitu kimoja: kwamba alikisoma baadaye, ukubwani, alipokuwa hatahiniwi tena.

Mjukuu wangu mwezi huo alikuwa na *Rosa Mistika*. Alikinunua kipya. Nikashika kichwa, maana hicho nakijua ukurasa kwa ukurasa. Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, kikapigwa marufuku katika shule za Tanzania, na kwa hiyo sisi watano tulikitafuta kwa bidii maradufu. Tulikijadili miezi miwili. Tulikubaliana kwamba ni onyo kwa wasichana: Rosa amelelewa kwa ukali, kisha akapata uhuru, uhuru ukampoteza. Mmoja wetu aliwahi kukitumia kama mfano kwenye hotuba ya kufunga shule, mbele ya wasichana mia tatu.

Binti huyu akasema, “Hiki kitabu kinamhusu baba. Zakaria. Na kinahusu wanaume waliokuja baada ya Zakaria, kila mmoja akijifanya mlezi.” Msichana mwingine akaongeza kwamba yeye alimlilia Regina, mama mtu, si Rosa. Wakabishana, vitabu vimefunguliwa, vidole kwenye kurasa. Mimi nikatulia nikinywa chai iliyopoa. Tulikuwa wanaume watano, walimu, na kitabu kile kilikuwa kimejaa wanaume waliopewa wasichana wa kulea. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiona ndani yake. Kuna jambo ambalo watu watano wanaofanana hawawezi kulisoma hata wakilisoma mara kumi.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu. Aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema, “Mimi nilikisoma wakati ule ule. Vyote nilivisoma, ukishalala.” Nikamuuliza mbona hakusema. “Mliniuliza?” Nikakumbuka njiti za kiberiti nilizokuwa nikizikuta ndani ya vitabu, nikadhani ni watoto. Zilikuwa alama zake. Katika orodha zile zote za majina ya penseli, jina la mtu aliyesoma kuliko sisi sote halimo. Siku hizi huja naye kwenye mkutano, na niseme ukweli, yeye ndiye wanayemtafuta. Husema kwa sentensi mbili: “Hiki kinaanza polepole, vumilia mpaka harusi,” au “Hiki mwandishi alichoka kabla yangu.” Kwetu wakati ule hakuna aliyethubutu kusema kitabu kimemchosha. Tulidhani kuchoshwa na kitabu ni ujinga wa msomaji.

Kuhusu vijana hawa sina nia ya kuwatia marashi. Wananunua sana vile vitabu vya jinsi ya kufanikiwa, vya tabia saba za watu hodari na baba tajiri na baba maskini. Nimewaambia kwamba mtu aliyekwisha kufanikiwa hana muda wa kukufundisha. Yule mkimbiaji alinipinga. Kwao, mazoezi ya asubuhi yakiisha, mwili unatakiwa kupumzika saa nyingi mchana, na katika saa hizo una simu au una kitabu. Alinieleza kwamba kambi anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge ina maktaba yake ndogo, na kwamba bingwa mwenyewe anazipenda hizo tabia saba. Nikamwambia kwamba aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna anaruhusiwa kusoma atakacho. Nikakisoma kile alichonidhaminia, kurasa arobaini. Kina jambo moja zuri, limerudiwa mara thelathini.

Pia wanatumiana nakala za simu, faili zilizoibwa, kitabu kizima kwa sekunde moja. Hapa tuligombana kidogo. Niliwauliza mwandishi atakula nini. Wakaniuliza mimi niliwahi kumlipa nani nilipoandika mwongozo wangu. Mada ikafungwa. Lakini wana hoja pia kuhusu bei: tangu Sheria ya VAT ya 2013 kitabu kinatozwa kodi ya asilimia 16, kama redio au sofa, na kijana anayeishi kwa mkopo wa chuo riwaya moja mpya inamkatia chakula cha siku kadhaa. Ndiyo maana nao, bila kufundishwa na mtu, wamefika kwenye sheria yetu ile: hakuna kununua alichonunua mwenzako. Nilipowasikia wakiulizana hivyo kwenye ngazi za hoteli, kabla ya kushuka madukani, ilibidi nishike ukuta.

Kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka swali letu lilipotelea wapi.

Mwenzetu mmoja kati ya watano alikuwa na shamba upande wa Burnt Forest. Ndiye aliyekuwa na vitabu vingi. Alijitengenezea rafu za mbao za msaiprasi, ukuta mzima, na alikuwa mkali: ukikunja sikio la ukurasa hukuazimwa tena mwaka mzima. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, nyumba yake ilichomwa wiki ya kwanza ya Januari. Watu waliuawa mwezi ule, wengine ndani ya kanisa kule Kiambaa, na kuzungumzia vitabu mbele ya hayo kunahitaji aibu kidogo. Ninazungumzia vitabu kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyevizungumzia.

Tulimkuta Februari kwenye uwanja wa maonyesho, pale mjini, ambapo maelfu walikuwa wakiishi ndani ya mahema. Tulikwenda watatu. Wa nne hakuja, alituma salamu. Tulikuwa tumeshauriana tumpelekee nini, na kila mmoja, mbali na unga na blanketi, alikuwa amefikiria jambo lile lile bila kumwambia mwenzake. Tukafungua mifuko. Vitabu kumi na kimoja, vyake, tulivyokuwa tumeviazima. Katika ukuta mzima wa vitabu, vilivyopona ni vile ambavyo havikuwa nyumbani.

Alivipanga juu ya jerikeni. Akavifungua kimoja kimoja kwenye ule ukurasa wa kwanza, akasoma majina yetu na tarehe. Majina ya Kinandi, ya Kikuyu, ya Kiluhya, kwa penseli, yamefuatana kama watu kwenye foleni ya maji. Alipomaliza akahesabu tena. “Kimepungua kimoja,” akasema. “*Kuli*.”

*Kuli* cha Shafi Adam Shafi, cha mwaka 1979, kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Kilikuwa kwangu. Kitabu chembamba, unakimaliza kwa siku moja ukiwa na mafua. Nilikuwa nimekimaliza kitambo. Lakini nilimtazama, nikaona anapanga kuondoka, si kesho lakini anapanga, na nikasikia mdomo wangu ukisema, “Bado sijakimaliza.”

Akanitazama muda mrefu. “Basi maliza,” akasema.

Alihamia Nyandarua mwaka ule ule. Sisi wanne tuliobaki hatukugombana. Hakuna neno baya lililosemwa. Mshahara uliingia, kila mtu akashuka mjini kwa saa yake, akanunua au hakununua, akarudi. Tuliacha tu kuulizana. Mtu angeuliza, “Mwezi huu unanunua nini?” na mwenzake angesikia swali jingine nyuma yake. Miaka michache baadaye nilikuwa nimesimama kwenye matanga ya mtu, nikitoa hotuba kwamba vijana hawasomi.

Meza ya akina mjukuu ina majina ya pande zote za nchi hii, na hawaoni ajabu. Hawajui ni kitu gani wanafanya, na sijawaeleza, niliambiwa nisihubiri. Wao wanahangaikia mambo mengine. Mwezi uliopita walihangaikia *Peponi*. Mwandishi wake, Gurnah, alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 nilitafuta kwenye kumbukumbu zangu na daftari zangu zote za zamani, sikuona mahali popote ambapo sisi watano tulimtaja. Mzanzibari aliyekuwa akiandika muda wote huo, na habari zake zilitufikia kutoka Stockholm kabla hazijafika kutoka Unguja, kwa kuwa aliandika kwa Kiingereza na sisi rafu yetu ilikuwa ile moja karibu na stoo. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis alikitafsiri *Paradise* chake, kikawa *Peponi*, Mkuki na Nyota wakakichapa Dar es Salaam. Nakala ya vijana ilifika Eldoret kwa matatu kutoka Nairobi, imefungwa kwa gazeti, imeandikwa “KITABU – USILOWESHE.” Nimo kwenye foleni. Niko wa nne, mke wangu wa tatu, na hakubali kunipisha.

Juzi ilikuwa zamu ya Shafi Adam Shafi. Msichana mmoja alikuwa na *Vuta N'kuvute*, baada ya kutazama filamu ya Amil Shivji, akataka kujua Shafi ameandika nini kingine. Nikataja *Kuli*. Akauliza kinapatikana wapi. Nikasema ninacho. Akauliza kama naweza kumwazima. Nikasema si changu.

Nikampigia simu mwenyewe usiku huo. Yeye ndiye hupiga, kwa kawaida, mwisho wa mwezi, na salamu zikiisha huuliza, “Umemaliza?” nami hujibu bado, miaka zaidi ya kumi na saba sasa. Safari hii nikaanza mimi. Nikamweleza kuna binti anakitaka.

“Ameomba mwenyewe, ama ulimsukumia?”

“Ameomba mwenyewe.”

Kimya. Nikasikia redio yake na mbuzi.

“Mwandikishe jina,” akasema. “Kwa penseli. Lakini akimaliza akurudishie wewe, siyo mimi. Wewe bado hujamaliza.”